Mlinzi wa Kukodi na Amana ya Watu

Jumamosi ya tarehe 3 Julai 2021, wateja wa maduka ya Coop nchini Sweden walifika na vikapu mikononi wakakuta milango imefungwa. Mtandao huo wa ushirika ulikuwa na maduka yapatayo 800, na mengi kati yake hayakuuza hata kiberiti siku hiyo. Mikate ilikuwa rafuni, maziwa kwenye majokofu, wafanyakazi kazini. Kilichogoma ni mashine za kaunta, hazikuweza kupokea malipo.

Wadukuzi hawakuingia kwa mlango wa Coop. Mashine zile zilikuwa zikihudumiwa na kampuni ya nje, Visma Esscom. Kampuni hiyo nayo ilitumia programu ya kampuni nyingine, Kaseya ya Marekani, inayomwezesha fundi mmoja aliyekaa ofisini kwake kusasisha na kulinda maelfu ya kompyuta za wateja bila kuzigusa. Kundi la wadukuzi lililojiita REvil liliona tundu katika programu hiyo. Likapita humo humo ambamo dawa ilikuwa ikipita, likapeleka sumu: programu inayofunga mafaili ya mtu na kumdai fidia ili ayafungue. Kaseya ilisema wateja wake walioguswa moja kwa moja hawakufika 60. Lakini wengi wa hao walikuwa makampuni yanayolinda kompyuta za wengine, na kwa hiyo biashara zilizoumia zilikadiriwa kufika hadi 1,500. REvil walitaka dola milioni 70 watoe ufunguo mmoja wa kuwafungulia wote.

Wahandisi wameandika mengi kuhusu tundu lile. Ndani ya kisa hicho, hata hivyo, limo swali jingine lililo kongwe kuliko kompyuta, ambalo makadhi, marabi na wachungaji wamelihangaikia kwa karne nyingi. Mtu akikabidhiwa mali ya watu, kisha akamkodi mwingine ailinde, mali ikipotea anaulizwa nani?

Kiswahili kina jina la mali ya namna hiyo: amana. Anayekwenda Hija humwachia jirani dhahabu na hati ya shamba. Jirani haivai dhahabu ile, haiweki rehani, wala haulizi faida. Anachobeba ni mzigo, na heshima yake imo ndani ya mzigo huo.

Mfanyabiashara wa leo hukaa na amana bila kuiita hivyo. Duka la jumla la Kariakoo lina kompyuta yenye majina ya wateja wanaochukua kwa mkopo, namba zao za simu na kiasi wanachodaiwa. Zahanati ya Mombasa ina majibu ya vipimo vya watu. Saccos ya walimu ina nakala za vitambulisho, hati za mishahara na saini. Kompyuta ni mali ya mwenye biashara, kainunua kwa pesa yake na risiti anayo. Yaliyomo ndani si yake. Siku mashine inapotekwa, miongoni mwa walioibiwa yumo mwalimu ambaye hajawahi kuiona mashine yenyewe.

Fikihi ya Kishafi, ambayo ndiyo iliyotawala pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, imelichambua jambo hili hadi kwenye kokwa. Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi wa karne ya 13 ambacho makadhi wa Zanzibar walikitegemea, umo mlango mzima wa amana. Kanuni yake ya kwanza ni ya huruma: aliyewekewa amana halipi ikipotea, ila kama amezembea au amevuka mipaka. Ya pili ni kali. Akiichukua amana na kumkabidhi mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe wala udhuru, dhamana inamwangukia yeye. Kisha inafuata ya tatu, ambayo inafaa kusomwa polepole na kila mwenye biashara anayetaka kusaini mkataba na kampuni ya ulinzi wa mtandao. Aliyewekewa amana anaruhusiwa kutafuta msaada, amtumie mtu wa kumbebea hadi mahali pa hifadhi, maadamu mkono wake mwenyewe haujaondoka juu ya amana.

Mstari uko hapo. Kutafuta msaada ni halali, na kunawa mikono ndiko kunakomtia mtu hatiani.

Wanazuoni hao hao walikuwa na neno la mahali pa hifadhi, hirzi, na walisema hirzi hutofautiana kwa kitu na kwa desturi. Zizi linamtosha mbuzi, lakini anayeweka johari zizini hawezi kusema amehifadhi. Ukiileta kanuni hiyo dukani, inauliza maswali ya kila siku. Nywila moja iliyobandikwa kwa karatasi pembeni ya kioo na kutumiwa na wafanyakazi wanne ni hirzi ya taarifa za wagonjwa? Kompyuta mpakato ambayo haijasasishwa tangu iliponunuliwa je? Desturi ya hifadhi nayo hubadilika. Miaka ishirini iliyopita nywila peke yake ilihesabiwa kuwa kufuli. Leo hata benki inayompa mtu huduma kwenye simu humtaka athibitishe mara mbili, na mwenye zahanati anayebaki na kufuli la zamani hawezi kudai kwamba hakujua kufuli zimebadilika.

Taurati nayo iliingia humu mapema. Sura ya 22 ya Kutoka inazungumzia mtu aliyeweka fedha au vitu kwa jirani yake vikaibwa. Mwizi akipatikana, atalipa mara mbili. Asipopatikana, mwenye nyumba huletwa mbele ya Mungu ili ijulikane kama yeye mwenyewe hakunyoosha mkono juu ya mali ya mwenzake. Mistari michache mbele inahusu mnyama aliyekabidhiwa jirani amchunge. Akiibwa, mchungaji atalipa. Akiraruliwa na mnyama mkali, mchungaji halipi, ila sharti alete mabaki yawe ushahidi.

Marabi waliijenga sheria hiyo zaidi katika Talmudi, wakawagawa walinzi katika mafungu manne. Anayelinda bure ana mzigo mwepesi, na anayelinda kwa ujira ana mzigo mzito. Aliyelipwa hawezi kujitetea kwamba alijitahidi tu, kwa sababu jitihada ya ziada ndiyo aliyoiuza. Na lile sharti la mabaki lina ndugu yake kwenye kompyuta. Kila seva ikiwekwa sawasawa huandika kumbukumbu za nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, na amegusa nini. Kampuni ya ulinzi inayomwambia mteja wake kwamba mashine imeshambuliwa lakini haina kumbukumbu hata moja ya kumwonyesha ni mchungaji aliyerudi jioni mikono mitupu, akitaka aaminiwe kwamba simba alipita.

Katika kisa cha Kaseya, mwizi mmoja alipatikana. Yaroslav Vasinskyi, raia wa Ukraine, alikamatwa Poland mwaka 2021, akapelekwa Marekani, na Mei 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 13 na miezi saba na kuamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 16. Upande wa mlinzi haukunyooka hivyo. Watafiti wa kujitolea wa Uholanzi walikuwa wameliona tundu na kuiarifu Kaseya tangu Aprili, miezi mitatu kabla ya shambulio, na Kaseya ilikuwa ikiendelea kuziba. Hakuwa mlinzi aliyelala. Alikuwa akipiga msumari ubaoni wakati wezi wanaingia kwa nyuma. Sheria ya kale ingemuuliza jambo moja: kwa ujira aliopokea, na kwa funguo za nyumba nyingi kiasi kile alizozishika, kasi yake ililingana na alichobeba?

Kisa cha pili kinampeleka msomaji kwenye upande mwingine wa lango.

Mwishoni mwa mwaka 2013, maduka ya Target nchini Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 pamoja na taarifa binafsi za watu hadi milioni 70. Wezi waliingia kwa kutumia nywila za fundi wa majokofu na viyoyozi aliyekuwa na kandarasi na kampuni hiyo. Wahenga wangesema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini sehemu ya kisa inayouma zaidi haimhusu fundi huyo. Miezi michache kabla, Target ilikuwa imenunua mfumo wa kugundua mashambulizi kutoka kampuni ya FireEye kwa dola milioni 1.6, na wataalamu waliokaa Bangalore, India, wakiukodolea macho mchana na usiku. Tarehe 30 Novemba mfumo ulipiga kengele. Bangalore wakapeleka habari makao makuu Minneapolis. Hapakutokea kitu. Baadaye kampuni ilieleza kwamba timu yake ilitazama taarifa zile na kuona hazihitaji hatua ya haraka. Wezi waliendelea kuchota hadi katikati ya Desemba. Mwezi Mei 2014 mkurugenzi mkuu alijiuzulu, na mwaka 2017 Target ilikubali kuzilipa serikali za majimbo dola milioni 18.5.

Nabii Ezekieli aliuona mji wa namna hiyo. Katika sura ya 33 anamchora mlinzi aliyewekwa na watu wake juu ya ukuta. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watakaokufa itatakwa mkononi mwake. Akiipiga, na mtu akasikia asijali, damu ya mtu huyo iko juu ya kichwa chake mwenyewe. Ezekieli hataki kujua mlinzi analipwa kiasi gani. Anataka kujua tarumbeta ililia lini na aliyeisikia alifanya nini. Kwa kipimo hicho Bangalore walilipa deni lao, na deni likahamia Minneapolis.

Hapo ndipo hesabu za wafanyabiashara wengi zinapovunjika. Mtu hulipa ada ya mwezi akidhani amenunua usingizi, kumbe amenunua masikio. Tarumbeta ikilia saa tisa usiku, sharti awepo mtu upande wa pili mwenye mamlaka ya kusema zimeni seva, hata kama kesho yake ni siku ya mishahara. Mamlaka hayo kampuni ya nje haiwezi kujipa yenyewe. Ikiwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba ni ya mhasibu aliyeacha kazi mwaka jana, tarumbeta itapigwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kisa cha tatu hakina mwizi. Asubuhi ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo kwa kompyuta za wateja wake duniani. Lilikuwa na kasoro. Saa 2:27 lilikuwa limeshaondolewa, lakini dakika hizo 78 zilitosha. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka na kubaki na kioo cha buluu. Hospitali ziliahirisha miadi, viwanja vya ndege vikaandika pasi za kupandia ndege kwa mkono, na shirika la Delta likafuta safari zipatazo 7,000 katika siku chache. Mashine nyingi hazikuweza kuponywa kwa mbali, ikabidi fundi azifuate moja moja. Dawa ya mlinzi ndiyo iliyomlaza mgonjwa.

Je, wateja wale walisalitiwa? Mwanafalsafa Annette Baier, mzaliwa wa New Zealand, alitenganisha mambo mawili katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana. Kutegemea ni jambo moja, kuamini ni jingine. Alitoa mfano wa Immanuel Kant, ambaye majirani zake mjini Königsberg walijua saa kwa kumwona akipita matembezini. Kama siku moja Kant angelala akapitiliza, majirani wangechelewa shughuli zao na pengine wangenung'unika. Lakini wasingeweza kusema amewasaliti, kwa sababu hakuwahi kuwabeba. Anayeaminiwa, kwa maoni ya Baier, ni yule ambaye mtu amejiweka wazi mbele yake, akijua kwamba anaweza kuumizwa naye, na akitarajia nia yake njema.

CrowdStrike haikuwa jirani anayepita. Ilikuwa ndani kabisa ya moyo wa kompyuta, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi, na ilikuwa imepewa nafasi hiyo kwa sababu ya ahadi yake. Nia mbaya haikuwapo. Lakini baada ya tukio kampuni yenyewe ilisema kwamba kuanzia hapo masasisho ya aina ile yangepelekwa kwa awamu badala ya kumwagwa kote kwa mpigo, na kwamba wateja wangepewa usemi zaidi wa lini na wapi yaingie. Maneno hayo, ukiyasoma ukiwa na Minhaj mezani, ni ungamo. Kwa sasisho lile, mkono wa mwenye mashine ulikuwa umeondolewa, na wengi wao hawakujua hadi asubuhi ile.

Sheria za Afrika Mashariki zimefika karibu na mahali palepale kwa njia nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtenganisha anayeamua taarifa zitumikeje na anayezichakata kwa niaba yake. Inamtaka wa kwanza amchague wa pili kwa kuangalia dhamana za usalama anazotoa, na waandikiane mkataba. Taarifa zikivuja, mchakataji ana saa 48 za kumwarifu aliyemkodi, na aliyemkodi ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inawatambua mkusanyaji na mchakataji, na inawataka wote wawili wajisajili kwenye Tume inayoisimamia sheria hiyo. Hakuna hata moja inayomruhusu mwenye biashara kusema: niliwapa vijana wa kompyuta, waulizeni wao.

Mtu anaweza kuona dhuluma hapo. Mwenye duka la dawa hakusomea usimbaji. Amekubali udhaifu wake, akaenda kwa wajuzi, akalipa. Kurani yenyewe inawaelekeza wasiojua wawaulize wenye kujua. Vipi tena abebeshwe lawama ya elimu asiyokuwa nayo? Hoja hiyo ina uzito, na kwa biashara ndogo kukodi ulinzi wa nje mara nyingi si uvivu. Mtaalamu mmoja wa kuajiriwa angekula faida yote, na asingeweza kukesha peke yake. Kumtafuta mjuzi ni sehemu ya kuihifadhi amana, na anayekataa msaada kwa kiburi au ubahili naye amezembea.

Lakini kuna elimu mbili. Ya kwanza ni kujua tundu linazibwaje, na hiyo inaweza kukodiwa. Ya pili ni kujua nini kimewekwa kwako, ni cha nani, na nani ana ufunguo. Hiyo haihitaji shahada, na hakuna wa kuikodi kwa sababu ni mwenye biashara peke yake anayeijua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno hayo yamebeba hatua ya kwanza ambayo mkaguzi yeyote wa usalama wa mtandao ataitaka: orodha ya vifaa vyote, pamoja na simu ya mtunza stoo inayopokea barua pepe za ofisi na ile kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza ambayo kila mtu anadhani imezimwa. Mtu aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amwache ngamia wake huru na kutawakali alijibiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Ili amfunge, ilimbidi ajue ana ngamia na amesimama wapi.

Mwenye orodha anaweza kuwa na mkataba wa maana. Anajua ni mashine zipi fundi wa nje anaruhusiwa kuzifikia na zipi hapana. Anaweka nakala rudufu mahali ambapo funguo za fundi hazifiki, ili fundi akitekwa, nakala isitekwe naye, na mara moja kwa muda anajaribu kuirudisha aone kama inafunguka. Anadai kumbukumbu za kila mwezi na kuzisoma, hata kama anaelewa nusu, kwa kuwa nusu hiyo inatosha kuona jina la mtu aliyeingia Jumapili wakati ofisi imefungwa. Siku mkataba unapokwisha, anafuta funguo zote kabla ya kuagana, kama mwenye nyumba anavyobadilisha kitasa mpangaji akihama. Yote haya hayamfanyi mtaalamu. Yanaubakisha mkono wake pale ulipokuwa.

Mwaka 622, Mtume Muhammad alipojiandaa kuondoka Makka usiku, nyumbani kwake mlikuwa na amana za watu wa mji ule. Walimwita al-Amin, mwaminifu, na hata miongoni mwa waliompinga walikuwamo walioendelea kuweka mali zao kwake. Safari ilikuwa ya kuokoa roho, udhuru ulikuwapo. Hakuondoka nazo, wala hakuziacha chini ya mlango. Alimchagua Ali bin Abi Talib, akamwachia kazi moja yenye mwisho wake: kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Waandishi wa sira wanasimulia kwamba Ali alibaki Makka siku tatu, katikati ya watu waliokuwa wakimsaka binamu yake, akirudisha amana za mmoja baada ya mwingine, na zilipokwisha ndipo aliposhika njia ya Madina.